Ua la Uzi na Jicho la Mhakiki

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki vitabu. Wakitoka nje ya vitabu huenda kwenye tamthilia, na wakijitahidi sana hufika kwenye uchongaji na uchoraji, hasa ule unaonunuliwa na wageni. Sebuleni mwao wenyewe hawafiki. Humo, juu ya mgongo wa kochi, juu ya meza ndogo, juu ya redio na televisheni, imetandazwa kazi ya mkono yenye sura, hesabu, historia na maana, nao huiegemea wakisoma kitabu cha uhakiki. Nasema vitambaa vinavyofumwa kwa sindano ya kroshia, na hasa yale maua yake: waridi lenye matabaka matatu, ua la petali sita, na ua dogo la pembeni lililoshikana na wenzake kama watoto katika mchezo wa duara. Katika insha hii nataka kulifanyia ua hilo kile ambacho kila kazi ya sanaa inastahili kufanyiwa, yaani kulitazama kwa makini, kulisifu linapostahili sifa na kulilaumu linapostahili lawama.

Najua kuna atakayecheka kusikia mzee mzima anahakiki vitambaa vya kochi. Acha acheke, kicheko hakitozwi kodi. Mimi nilianza kujifunza kufuma maua haya baada ya kustaafu, mikono ikiwa imezoea chaki na kalamu. Mwalimu wangu ni shangazi yangu, ambaye macho yake sasa yanaona kwa shida lakini vidole vyake bado vinaona vizuri. Sina sifa ya ufundi. Nina sifa moja tu, ile ya mwanafunzi wa kwanza: ninayaona yale ambayo fundi ameacha kuyaona kwa kuyazoea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwanafunzi mpya ni mgeni wa kazi, na huenda maswali yake ya kijinga yakaiponya kazi yenyewe.

Tuanze na chombo, kwa maana asiyekijua chombo hawezi kukihukumu kilichotengenezwa nacho. Mfuma sweta hutumia sindano mbili, na mishono ya safu nzima hukaa hai juu ya sindano kwa wakati mmoja. Sindano ikichomoka, safu yote i mashakani. Mwenye kroshia ana sindano moja, fupi, yenye ncha ya kulabu, na kwa kawaida ana kitanzi kimoja tu kilicho hai. Kitanzi hicho huvutwa ndani ya kingine, na kingine ndani ya kingine, na kila mshono unapokwisha huwa umekwisha kweli. Ndiyo maana kroshia haifungwi na safu. Inaweza kwenda kulia, kurudi kushoto, kuzunguka, kupita nyuma ya ilipopita jana, na kupanda juu ya mgongo wake yenyewe. Hapana shaka hiyo ndiyo sababu ufumaji huu ulilipenda ua, kwa sababu ua halina safu. Lina kitovu na mzunguko.

Uhuru huo una gharama yake. Kabla ya kazi kufungwa, ukivuta ncha ya uzi kila kitu hufumuka, mshono baada ya mshono, mpaka kwenye fundo la mwanzo. Kazi ya saa nzima hurudi kuwa uzi kwa muda wa kusema bismillahi. Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa ndio wema mkubwa wa sanaa hii kwa mwanafunzi. Mchonga mpingo akikosea pua ya sanamu, pua imekwenda na ubao umekwenda. Mfuma ua hurudishiwa uzi wake wote, wala haambiwi maneno. Sijui mwalimu mwingine mwenye huruma kiasi hicho.

Sasa tulitazame waridi lenyewe. Huanza na mnyororo wa vitanzi 6 unaofungwa ukawa pete. Kuizunguka pete hiyo hupandishwa mishono mirefu 6, na baina ya mmoja na mwingine hupita mnyororo mfupi wa vitanzi 3, hata umbo likafanana na gurudumu la baiskeli lenye spoku sita. Kila nafasi baina ya spoku hujazwa petali moja: mshono mfupi, mshono wa nusu, mishono mirefu 3, mshono wa nusu, mshono mfupi. Tazama mpango huo namna ulivyo. Unapanda na kushuka kama kilima kidogo, na vilima sita vikikutana ua limepatikana.

Siri ya waridi iko katika tabaka la pili. Mwanafunzi hudhani petali za pili zitafumwa juu ya zile za kwanza, na akifanya hivyo hupata sahani, hapati waridi. Fundi hupita nyuma. Hupeleka nyuma ya kila petali mnyororo mrefu zaidi, wa vitanzi 5, akaushikiza kwenye spoku, kisha akafuma petali kubwa zaidi juu ya mnyororo huo uliojificha. Tabaka la tatu hivyohivyo, kwa mnyororo wa vitanzi 7. Mwisho wake petali za ndani husimama wima kwa sababu za nje zimezisukuma kwa nyuma, na ua ambalo lilikuwa bapa linapata kina na kivuli.

Basi uzuri wa waridi la uzi hautoki kwenye petali tunazozisifu. Unatoka kwenye minyororo iliyo nyuma, ambayo mgeni aliyekaribishwa sebuleni hataiona kamwe. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ya uhakiki ni hii: usilihukumu ua la uzi kabla hujaligeuza. Mbele ya ua huweza kunyooshwa kwa stachi na pasi. Nyuma haidanganyi. Nyuma utaona kama minyororo ina urefu mmoja, kama ncha za uzi zimefichwa ndani ya mishono au zimekatwa tu kwa mkasi zingoje kufumuka siku ya kufuliwa. Nimeona vitambaa vinavyong'ara vikiwa dukani ambavyo nyuma yake ni vurugu tupu, na nimeona kitambaa kilichochakaa, rangi imepauka, ambacho nyuma yake kimetulia kama ukurasa wa daftari la mwanafunzi mwenye adabu. Cha pili ndicho kazi nzuri.

Kanuni ya pili ni ya hesabu. Watu husema kwamba ufumaji ni kazi ya wasiopenda hesabu, jambo ambalo anayefuma hulisikia na kunyamaza. Duara la mishono mifupi, ili lilale bapa mezani, huhitaji kuongezewa mishono kama 6 kila mzunguko. Duara la mishono mirefu huhitaji kama 12. Ukiongeza pungufu, ukingo unabana na kazi inajikunja ikawa bakuli. Kofia hufumwa kwa kanuni hiyo. Ukizidisha, ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi yake, nao kwa kukosa pa kukaa hujikunja mawimbi. Petali yenye mawimbi, ambayo mwanafunzi huiona kama mapambo yaliyotiwa mwisho, ni matokeo ya kuzidisha mishono kwa makusudi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitaka kuwapa wanafunzi wake mfano wa kushika mkononi wa ule uso ambao hujipanua kwa kiwango kilekile kila mahali, usio bapa wala usio wa mpira. Mifano ya karatasi ilikuwa ikichanika upesi. Akachukua kroshia, akaongeza mishono kwa kipimo kisichobadilika, na uso huo ukatokea mkononi mwake, laini na imara. Baadaye, mwaka 2005, dada wawili Margaret na Christine Wertheim, wazaliwa wa Australia, walianzisha kazi ya kufuma matumbawe ya bahari kwa kanuni hiyohiyo, maana tumbawe nalo hujikunja kwa sababu ya kujipanua. Sisi wa pwani tuliozaliwa tukiyakanyaga matumbawe hatuna budi kufurahi. Lakini swali linabaki. Bibi zetu walikuwa wakifuma kingo za mawimbi kabla ya hapo miaka mingi. Hawakukosa hesabu, walikosa mtu wa kuwauliza.

Nije kwenye asili ya waridi hili, kwa kuwa wengi hudhani lilizaliwa katika starehe, kwa mabibi waliokosa kazi. La hasha. Sura yake tunayoijua ilienea kutoka Ireland wakati wa njaa kuu. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, chakula cha maskini wa nchi hiyo, na njaa ikadumu mpaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wapatao milioni moja wakahama nchi. Katika dhiki hiyo watawa wa shirika la Ursula huko Blackrock, karibu na Cork, waliwafundisha wasichana kufuma kwa kroshia ili wauze. Huko Clones, kaskazini zaidi, Bibi Cassandra Hand, mke wa kasisi, alianzisha kazi kama hiyo mwaka 1847. Naye Bibi Eléonore Riego de la Branchardière alichapisha London vitabu vingi vya ruwaza vilivyoionyesha kroshia namna ya kuiga lesi za Venice, ambazo zilifumwa kwa sindano ya kushonea na kuchukua muda mrefu mno.

Kazi hiyo iligawanywa. Mmoja alifuma mawaridi tu, mwingine majani, mwingine vishada vya zabibu, kisha mwingine akayapanga yote juu ya kitambaa na kuyaunganisha kwa wavu wa uzi wenye vifundo vidogo. Mgawanyo huo uliwezesha hata mtu mwenye chumba kimoja chenye moshi kutengeneza kipande cha vazi litakalovaliwa na tajiri. Kwa hiyo waridi la uzi ni mtoto wa njaa. Lilifumwa na watu ambao bustani zao zilikuwa zimeoza. Ninapomsikia mtu akiliita pambo la kupotezea wakati, huwa namtazama tu, kwa kuwa wakati anaousema ulikuwa mkate wa mtu.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuwa mkali, na lawama yangu ya kwanza inatoka kwenye historia hiyohiyo. Waridi lilisafiri na misheni, na shule za wasichana, na vitabu vya ruwaza, likafika kwetu, nasi tukalipokea kama lilivyo. Sasa fungua kabati la mama yeyote mwenye kufuma. Utakuta waridi, ua jeupe la Ulaya lenye kitovu cha manjano, na jani la zabibu. Utatafuta asumini, hutaiona. Utatafuta mlangilangi, hutauona. Pwani yetu ina elimu yake kongwe ya maua; ina vikuba vinavyofungwa kwa asumini, rehani na mkadi, vikavaliwa siku ya harusi, kila ua na daraja yake na harufu yake. Elimu hiyo haijaingia kwenye kroshia. Na jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba waridi halisi, lile la bustani, hulimwa kwa wingi huko Naivasha na Arusha, likapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Ua hai tunawapelekea wao, na la uzi tunaiga la kwao.

Nilimweleza shangazi lawama hii jioni moja nikidhani nimesema jambo kubwa. Hakusimamisha sindano. "Mwanangu," akasema, "waridi hili nimelifuma tangu kabla hujaanza kuota meno. Nani wa kuniambia si langu?"

Nikamwambia, "Shangazi, sikusema si lako. Nasema hukupewa nafasi ya kuchagua jingine."

"Hilo sawa," akajibu. "Lakini aliyekula chakula cha ugenini miaka hamsini, tumbo lake haliko ugenini tena."

Jibu lake lilinilazimisha nifikiri tena, na ni haki niliweke hapa kwa sababu lina nguvu. Kanga nayo kwa miaka mingi ilichapishwa Ulaya, India na Japani. Kitambaa kilitoka mbali, wala hakuna leo anayeweza kusema kanga si yetu. Lakini kanga ilikuwaje yetu? Haikuwa kwa kuivaa miaka mingi peke yake. Ilikuwa yetu tulipoitia neno. Tuliipa pindo, mji na jina, na jina hilo likawa methali, mafumbo, kijembe kwa jirani na salamu kwa mpenzi. Mgeni akawa mwenyeji kwa kupewa ulimi. Basi kipimo cha haki ni kuuliza kama ua la uzi tumelitia neno letu, na kwa maoni yangu bado. Tumelifuma kwa uaminifu mkubwa, lakini hatujalisemesha.

Nisieleweke vibaya. Sidai ua la uzi lifanane na ua la shambani. Waridi la mwituni lina petali 5, na hili la kroshia lina 6, kwa sababu sita hugawanyika vizuri kwenye pete na kuongezeka vizuri kwenye mizunguko. Ua la uzi si picha ya ua. Ni wazo la ua lililofasiriwa kwa lugha ya vitanzi, na mfasiri mwema huitii lugha anayofasiria. Hiyo ndiyo tofauti yake na ua la plastiki, ambalo kazi yake yote ni kukudanganya ukiwa mbali. Ua la uzi halimdanganyi mtu. Linasema wazi kuwa ni uzi, na bado unalipenda.

Ninachodai ni fasiri mpya. Mfano mmoja unatosha. Uzi bora wa maua haya ni wa pamba, na pamba inalimwa Usukumani, Shinyanga, Simiyu na Mwanza. Je, umewahi kuliona ua la mpamba? Lina petali 5. Siku ya kwanza huchanua jeupe la maziwa, siku ya pili hugeuka rangi ya waridi, kisha huanguka na kuacha tunda litakalopasuka kuwa pamba. Ua linalobadili rangi ni zawadi kwa mwenye kroshia: tabaka la ndani jeupe, la nje la waridi, na siku mbili zikasimuliwa katika ua moja. Lakini katika vitambaa vyote nilivyovigeuza sijaliona hata mara moja. Tunafuma kwa pamba maua ya kila mmea isipokuwa mpamba. Sijui kama kuna usahaulifu mzuri wa kuandikiwa insha kuliko huo.

Lawama ya pili nawapa waalimu wa ufumaji, na ninawagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitabu vya ruwaza. Vina wema wa kuhesabu: vinakuambia mishono mingapi, mizunguko mingapi, uzi namba ngapi, na ikumbukwe kuwa katika uzi wa pamba namba ikipanda uzi huwa mwembamba zaidi, hivyo namba 80 ni kama unywele mbele ya namba 10. Lakini vina maradhi mawili. La kwanza ni ahadi ya urahisi. Jalada husema mwanafunzi atafuma bustani nzima mwishoni mwa juma, na ukurasa wa kwanza unampa ua kabla mkono wake haujajua kushika uzi. Mkono wa mwanafunzi hukaza uzi kwa hofu, vitanzi vikabana, sindano ikakataa kuingia, na yeye akaamini hana kipaji. Kipaji anacho, aliyekosa ni mwandishi aliyeruka hatua. Mnyororo mtupu, wa mita moja, mbili, tatu, ndio darasa la kwanza la kweli, na hauna picha nzuri ya kuweka kwenye jalada.

Maradhi ya pili ni ya lugha. Uingereza na Marekani hutumia maneno yaleyale ya Kiingereza kwa mishono tofauti. Mshono ambao Mmarekani huuita mmoja, Mwingereza huuita wa mara mbili. Na ule ambao Mmarekani huuita wa mara mbili, Mwingereza huuita wa mara tatu. Mwanafunzi wa Tanga au Kisumu akiwa na kitabu kilichotoka upande mmoja na jirani aliyefundishwa kwa maneno ya upande mwingine, watafuma ruwaza moja na kupata maua mawili yasiyofanana, kila mmoja akidhani mwenzake hajui kusoma. Wajapani walikwepa mtego huo kwa kuchora. Huweka alama kwa kila mshono na kuzipanga kama ua lenyewe litakavyokaa, na anayejua alama husoma bila kujua Kijapani. Sisi tungeweza kufanya hivyo, na tungeweza pia kukubaliana juu ya maneno yetu wenyewe: mnyororo, mshono mfupi, mshono wa nusu, mshono mrefu. Maneno hayo niliyoyatumia humu ni ya barazani kwa shangazi, na yametosha kulijenga waridi zima.

Fungu la pili ni waalimu wa mkono, kina shangazi. Wema wao ni kwamba wanafundisha jicho na kidole. Shangazi hagusi hesabu. Anapapasa petali na kusema, "Hii inalia," maana yake umeibana, au "hii imelala," maana yake umeilegeza, na hakosi. Lakini ukimwuliza kwa nini, atakuambia fanya tu. Elimu hiyo ni tamu, ila haiachiki. Akiondoka anaondoka nayo. Mafundi wangapi wa kofia za mkono na mikeka ya ukili wameondoka na ruwaza ambazo hakuna aliyezichora?

Fungu la tatu ni picha za video za kwenye simu, waalimu wa siku hizi. Wameleta faida ya kweli, kwani unamwona mtu akifuma, unasimamisha, unarudisha nyuma. Lakini humwoni yeye akikuona. Video haiwezi kukuambia kuwa petali yako inalia. Tena nyingi huonyesha mbele ya ua tu, na msomaji ameshajua ninavyofikiri juu ya watu waonyeshao mbele tu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchukua hesabu kwenye kitabu, mwendo kwenye video na hukumu kwa mtu aliye hai.

Lawama ya tatu, na ndiyo nzito, ni yetu sote tunaonunua. Nilikuwepo kibarazani siku ambayo mnunuzi mmoja alikuja kutaka kitambaa cha meza chenye maua 36. Waridi moja la matabaka matatu mkononi mwa shangazi huchukua kama nusu saa. Maua 36 ni saa 18, kabla hujahesabu kuyaunganisha, kuyafua, kuyatia stachi na kuyapigilia pini yakauke kwa umbo. Mnunuzi akataja bei iliyozidi kidogo bei ya uzi. Shangazi alipokataa, yule bwana akasema kwa upole kabisa, bila ubaya, "Lakini mama, si unafuma ukiwa umekaa tu?"

Sentensi hiyo nimeifikiria sana. Seremala akifanya kazi saa 18, ni zaidi ya siku mbili za kazi na hakuna anayeuliza kama alikuwa amesimama. Karani hukaa mwaka mzima na mshahara wake hauulizwi kwa nini amekaa. Ni kazi hii tu ambayo kukaa kunaifuta. Nadhani sababu ni kwamba hatujafundishwa kuona tofauti baina ya ua jema na ua baya, na asiyeona tofauti hulipia wastani, na wastani humfukuza fundi. Fundi aliyelipwa sawa na asiyejua ataanza kukata ncha za uzi badala ya kuzificha. Atatumia uzi wa plastiki badala ya pamba. Atakinyoosha kitambaa kwa maji ya sukari mazito ili kisimame mbele ya mnunuzi, na baada ya juma sisimizi watatoa taarifa. Ubaya wa kazi huanza kwenye jicho la mnunuzi, ukamalizikia mkononi mwa fundi.

Ndiyo maana nikasema uhakiki unahitajika, na si kwa ajili ya kuonyesha elimu. Uhakiki wa haki hupandisha bei ya kazi nzuri. Kitabu kikisifiwa kwa sababu zinazoeleweka, mwandishi mwingine hujua pa kulenga. Ua nalo ni hivyo. Tukizoea kuligeuza, kuhesabu mizunguko yake, kuuliza uzi ni wa nini, kuuliza kwa nini waridi na si mpamba, fundi atajua kuwa anatazamwa na mtu anayeona. Viwandani kuna mashine ziitwazo za kroshia, lakini zinachofuma ni kitu kingine kilichofanana nayo. Maua ya kroshia ya kweli yaliyoko masokoni yametoka kwenye mkono wa mtu, karibu yote. Kila ua unaloliona lina mtu nyuma yake, na mtu huyo amekaa mahali fulani kwa saa fulani.

Basi, msomaji wangu, leo usiku kigeuze kitambaa kilicho juu ya kochi lako. Kitazame mgongoni, hesabu spoku za ua moja, tafuta ncha za uzi zilikoenda. Kisha uliza nyumbani ni nani aliyekifuma. Usishangae wakikosa jibu. Maelfu waliofuma huko Ireland hawakuandikwa majina kwenye lesi zao, na waliofuma hapa kwetu hawakuandikwa pia. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kitambaa chetu cha maua kina pindo lililofumwa vizuri na kina mji uliojaa mawaridi. Kinachokosekana ni jina.